Vifo Vyangu Vinne na Mwisho wa Mwinyimadi

Jumatatu, 3 Juni 2024. Picha ya Ndege, Kibaha.

Daktari amesema moyo wangu umepanuka. Nilimuuliza kwa kiasi gani. Akasema kwa kiasi cha kutosha. Nimefundisha miaka thelathini na sita na sipendi jibu la namna hiyo, hata kwa mtoto wa darasa la tatu.

Miguu imevimba. Modesta, binti yangu ninayeishi kwake, ameweka kigoda bafuni ili nioge nimekaa. Nimekubali. Mtu anayekubali kigoda hana safari ndefu.

Jioni alikuja Khalfani kuniona. Ana studio pale Maili Moja, anapiga video za harusi. Zamani ndiye aliyeshika kamera ya filamu yangu, Mkaa wa Kurui. Akaleta machungwa. Akauliza hali. Halafu, huku anamenya chungwa, akaniuliza ile kanda nyingine amkabidhi nani nikishatangulia.

Nikishatangulia! Kama nakwenda kuwahi kiti stendi.

Nikamwambia aiteketeze. Akasema hawezi, ile ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Akala chungwa langu.

Sasa sina amani. Niandike, maana daftari halicheki.

Mwaka 2009 nilitunga filamu, nikaiongoza, nikaigiza mhusika mkuu. Ndugu wawili wa kijiji cha Kurui, Kisarawe, wanagombea msitu wa kuchoma mkaa. Mimi mdogo mtu, mwenye hila. Mkubwa alikuwa Mwinyimadi, rafiki yangu tangu nilipofundisha kule Kisarawe. Mwisho wa hadithi, mkubwa anakuja mvua ikinyesha, anatua gunia la mkaa mlangoni kwa mdogo wake mgonjwa, anasema maneno mawili matatu. Ndivyo nilivyoandika. Mawili matatu.

Mwinyimadi alisema kwa dakika sita. Hakufuata karatasi. Alipomaliza, mama aliyekuwa anatupikia alikuwa ameacha ugali ukaungua. Wote walikuwa wanalia. Hakuna hata mmoja aliyenitazama mimi.

Nikaikata. Nikasema mvua imeingia kwenye kamera. Siku tatu baadaye nikapiga mwisho mwingine kando ya mto Ruvu, ambamo mimi nakufa, tena kwa maneno mengi. Mwinyimadi akabaki na tukio moja tu katika filamu nzima: anakimbia nyuki, suruali inamdondoka. Tangu siku hiyo Kisarawe yote inamwita Mzee Nyuki. Miaka kumi na mitano!

Na aliposikia kanda imeharibika, aliniletea kuku. Kunipa pole. Mimi!

Jumanne, 4 Juni

Nimefikiri usiku kucha. Jambo liko hivi. Mimi Msukuma, yeye Mzaramo. Ni watani. Nikifa, yeye ndiye atakayevaa koti langu msibani, aige mwendo wangu, aseme lolote mbele ya watu, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Ni haki yake. Khalfani naye atakuwepo na kamera. Khalfani hana siri. Atamwambia. Mwinyimadi atasimama juu ya jeneza langu na kulitangaza, na mimi nitakuwa ndani, sina cha kujibu!

Kwa hiyo nitubu kwanza. Mchungaji pia anasema hivyo, ingawa kwa sababu nyingine.

Nimeandika barua. Kurasa sita. Kazi nzuri. Nikampa Modesta asome. Akasoma, akaniuliza hii ni barua ya nini. Nikasema ya toba. Akasema, baba, kurasa nne ni maisha yako, ukurasa wa tano una mstari mmoja unaosema palitokea upungufu wa kiufundi, ukurasa wa sita unamsamehe yeye.

Nimeichana. Upungufu wa kiufundi ulikuwa msemo mzuri, lakini.

Jumatano, 5 Juni

Nimempigia simu. Uso kwa uso singeweza.

Kabla sijasema kitu ameniuliza kama bado napumua, maana ameshaahidi watu koti langu. Nikasema nina jambo zito. Akasema Msukuma hana jambo zito isipokuwa ng'ombe. Nikajikaza. Nikamwambia yote: mvua haikuingia kwenye kamera, nilikata tukio lake kwa wivu.

Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka nikamsikia mkewe, Mwanahalima, akiuliza kuna nini. Akamwambia Msukuma anaumwa, anaungama hata ambayo hakuyafanya. Akaniambia wivu unataka akili, na mimi ningekuwa na akili hiyo nisingekufa vibaya vile pale Ruvu. Kisha na yeye akaungama. Akasema ndiye aliyeumeza mwezi siku ulipopatwa. Akaomba nimsamehe kabla sijatangulia.

Nikaapa. Akasema kiapo kizuri, atakiiga msibani.

Ndiyo shida ya kuwa na mtani. Miaka arobaini tumeambiana uongo wa kila aina. Leo nimesema kweli, haina pa kukaa.

Alhamisi, 6 Juni

Ushahidi! Nimekwenda Maili Moja kwa bajaji, Modesta akiwa kazini. Hatua kumi na moja kutoka barabarani hadi studio. Nimepumzika mara mbili.

Khalfani aliitoa kanda kwenye bati la biskuti. Kadogo, kama kiberiti. Akachomeka kamera ya zamani kwenye kompyuta, tukatazama.

Sikuwa nimeiona tangu siku ile. Mvua. Mwinyimadi anakuja na gunia kichwani, anatua. Hanitazami. Anasema: ndugu yangu, mkaa huu ni wako. Nimeuchoma kwenye msitu tuliougombea. Upike. Ukishashiba nitukane, lakini shiba kwanza.

Nimelia. Nikakasirika kwa kulia. Khalfani akajifanya anatafuta waya.

Hapo ndipo wazo lilipokuja, na ni wazo zuri. DVD yetu ya mwaka 2011 ilikuwa na nyongeza kama filamu za nje, maana msambazaji wa Kariakoo alizitaka: mwisho mbadala na vipande vilivyoachwa. Nilimpa vifo vyangu vingine vitatu. Pale Ruvu nilikufa mara nne, kwa sababu sikuridhika. Kimoja kikaingia kwenye filamu, vitatu kwenye nyongeza. Katika cha kwanza natazama mbingu. Cha pili natazama maji. Cha tatu nakohoa tu.

Basi tutengeneze DVD mpya, na nyongeza ya nne iwe mwisho wa Mwinyimadi. Nimpelekee kama zawadi. Nimwambie kanda imepona! Kwamba nimeihangaikia kwa mafundi miaka yote hii, mvua ilikauka. Atafurahi. Nitakuwa nimerudisha nilichochukua. Toba ni kurudisha. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima ueleze.

Khalfani akauliza aweke kipande kipi na kipi. Nikamwambia aweke yote.

Jumamosi, 8 Juni

Nimerudi kutoka Kurui, kwa Mwinyimadi. Niandike polepole.

Tulikwenda na kirikuu, kile kigari cha mizigo cha Khalfani, mimi mbele na mito miwili, Modesta nyuma na spika za harusi. Mwinyimadi alitupokea barabarani akiwa na kamba. Akasema amekuja kunipima, wasije wakachimba kaburi kubwa bure. Nikamwambia Mzaramo akichimba kaburi linaisha baada ya arobaini. Tukafurahi. Sura yake nzuri, mwembamba kama zamani, mikono ya kuokota korosho.

Mwanahalima alikuwa ametundika khanga madirishani ili chumba kiwe giza. Majirani kumi na wawili. Deki ilikuwa imefutwa vumbi.

Khalfani alianza na vifo vyangu, kwa mpangilio. Cha kwanza wakacheka. Cha pili wakacheka zaidi. Cha tatu, nilipokohoa, bibi mmoja alitoka nje akishika tumbo. Mwinyimadi akasema Msukuma huyu Mungu anamkataa, tazama anavyorudishwa.

Nikasimama. Nikatoa hotuba. Nikaeleza nilivyoihangaikia kanda. Nikasema mafundi, nikasema Dodoma, nikasema machozi. Nikasema leo namrudishia ndugu yangu dakika zake sita. Wakapiga makofi. Nilikuwa na furaha kubwa kwa muda wa kama nusu dakika.

Tukio likaanza. Hakuna aliyecheka. Gunia. Mvua. Maneno. Yule bibi alirudi akasimama mlangoni, hakukaa. Mwinyimadi alijitazama mwenyewe mdomo wazi kidogo. Mwanahalima alifunika uso.

Likaisha. Lakini kamera ya mwaka 2009 haikuwa imezimwa. Picha ikabaki kwenye televisheni, mvua inanyesha, na sauti yangu ikatoka kwenye spika za harusi, safi kabisa. Ilisema: hii futa. Sauti ya Khalfani ikasema, lakini mwalimu, hii ndiyo filamu. Yangu ikasema: futa! Waambieni mvua imeingia kwenye kamera. Mwinyimadi asijue.

Khalfani anasema nilimwambia aweke yote. Ni kweli nilisema. Huwa silitumii neno hilo kwa maana yake.

Nikasubiri matusi. Nilikuwa tayari. Hata kofi.

Mwinyimadi aliinuka, akafungua dirisha, akakunja khanga vizuri, pembe kwa pembe. Halafu akaniambia: karibu chakula, Mzee Mashaka.

Mzee Mashaka! Miaka arobaini sijawahi kulisikia jina langu hilo kinywani mwake.

Wakanipa maji ya kunawa wa kwanza. Wakaniwekea firigisi. Kila nikija kwake firigisi huwa ananinyang'anya sahanini, anasema nitamaliza kuku Pwani nzima. Leo aliisogeza kwangu kwa kijiko. Nikaila. Sikupata ladha.

Wakati wa kuondoka alinishika mkono, akasema wanashukuru sana kwa kuwatembelea.

Tulipofika Kibaha Modesta akasema: baba, umekuwa mgeni.

Jumapili, 9 Juni

Sikwenda kanisani. Pumzi fupi.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliandika Jumatatu. Nilidhani naweza kufa bila kuliandika. Mwaka uleule filamu ilipotoka, alikuja bwana mmoja kutoka Dar anayetengeneza tamthilia ya televisheni. Alitafuta mzee wa kuigiza baba wa familia, kazi ya mwaka mzima. Akaniuliza kama kule Kisarawe kuna mzee mwingine anayeweza.

Nikasema hakuna.

Na mimi hakunichukua. Alisema nakufa sana.

Jumanne, 11 Juni

Nimejaribu kumrudisha kwa hila. Nimemtumia ujumbe wa simu: Wazaramo mnalala mpaka jua linawaamsha kwa fimbo. Huo ni mzuri, hajawahi kuuacha bila jibu. Nikangoja saa mbili na nusu.

Akajibu: Ahsante Mzee Mashaka. Mungu akupe wepesi.

Nikatuma mwingine, kuhusu mama mkwe wake. Akajibu: Amina.

Amina! Kwa ule!

Mchana nikampigia Mwanahalima. Nikamwita shemeji kwa sauti ya mgonjwa, ambayo siku hizi sihitaji kuiigiza. Akaniambia mzee yuko sebuleni. Ametazama lile tukio mara tisa. Watoto wa jirani wameacha kumwita Nyuki, wanakuja kukaa mkekani, wanamwomba awape yale maneno ya mkaa. Anawapa.

Nikasema basi, mambo yamekuwa mazuri.

Akasema, shemeji, unamkumbuka Pazi? Nilimkumbuka. Kaka yake mdogo Mwinyimadi. Walikosana juu ya mikorosho ya baba yao, miaka minne hawakusemezana. Pazi alikufa miezi miwili kabla hatujapiga filamu. Mwanahalima akasema Mwinyimadi hakupata kumwambia kitu, alifika wamekwisha kuzika. Yale maneno ya siku ile hakuwa anakwambia wewe. Alikuwa anasema na Pazi. Ulipomwambia maji yameharibu, alirudi nyumbani akasema labda Mungu hakutaka yasikike.

Sikujua. Sikuuliza. Niliona tu kwamba anaigiza vizuri kuliko mimi.

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema kilichomuumiza si kukatwa. Ni kwamba ulikuja na hotuba. Ungekuja mikono mitupu ungetukanwa palepale, na ungekula na firigisi ukanyang'anywa.

Alhamisi, 13 Juni

Nimepiga simu saa nne asubuhi. Sikuandika chochote kwanza. Modesta alikaa kitandani kando yangu ili nisiongeze maneno.

Nikasema: Mwinyimadi, nilikata maneno yako kwa sababu yalikuwa bora kuliko yangu. Nikakudanganya. Bwana wa televisheni aliuliza kama yupo mzee mwingine, nikasema hayupo. Sikujua kuhusu Pazi, lakini hata ningejua sina hakika ningefanya tofauti.

Nilitaka kuongeza. Modesta akanibana kidole.

Nilisikia kuku wake. Halafu simu ikakatwa, na si mtandao.

Nimelala mchana wote nikiangalia dari. Hakuna mwisho mbadala wa dari.

Jumamosi, 15 Juni

Amekuja!

Nilikuwa kwenye kigoda bafuni, najipaka sabuni, nikasikia Modesta akisema shikamoo baba mdogo, na sauti ikasema marahaba, yuko wapi maiti? Nikaangusha sabuni.

Amenikuta nimevaa kanzu ya kulalia, miguu kwenye beseni. Akaitazama miguu muda mrefu. Akasema maboga ya Shinyanga yamekubali sana mwaka huu. Nikalia kama mtoto. Akasema nisilie, machozi yataingia kwenye kamera.

Halafu akakaa, akanitukana. Alianza saa tano na robo. Alinitukana mimi, akamtukana ng'ombe wa babu yangu kwa jina, akatukana vifo vyangu kimoja kimoja, akasema cha tano kitakapokuja, kile cha kweli, atasimama pembeni anielekeze. Akasema msibani atavaa koti na suruali pia, na suruali itadondoka, ili watu wajue Nyuki ni nani. Modesta alicheka mpaka akaunguza kitunguu.

Alipochoka akaniambia, bila utani, kwamba angekuwa mzuri kwenye televisheni. Nikasema ndiyo. Akasema, basi.

Ana sharti moja. Khalfani atengeneze filamu upya, ule mwisho wake uwe ndio mwisho, usiwe nyongeza. Wasikate hata neno. Na chini kabisa liandikwe jina la Pazi. Nikakubali. Tukashikana mkono, wa mtani na mtani, akinivunja vidole.

Wakati wa chakula Modesta alipika kuku. Mwinyimadi akachukua firigisi sahanini mwangu kabla sijanawa.

Najisikia mwepesi. Naweza kufa hata kesho. Nimemwambia Modesta hivyo, akasema kesho ana mkutano kanisani.

Jumanne, 18 Juni

Jana ilikuwa Idi. Mwinyimadi ametuletea mguu wa mbuzi na salamu ambazo siwezi kuziandika.

Leo daktari ameupima moyo tena. Amesema dawa zinafanya kazi, umetulia kidogo. Nikamuuliza kidogo kiasi gani. Akasema kiasi cha kutosha. Safari hii jibu lilinipendeza.

Kutoka hospitali nikapita kwa Khalfani. Amemaliza. Filamu mpya, mwisho mpya, jina la Pazi chini, maandishi meupe juu ya mvua. Nzuri sana. Nimesema ni nzuri sana mara tatu.

Lakini. Mimi ni mwongozaji, na jicho la mwongozaji halistaafu. Kwenye dakika ya nne Mwinyimadi anakohoa. Sekunde tisa! Kikohozi si neno. Sharti lilikuwa neno. Kikitoka kile, panabaki nafasi, na Khalfani anazo picha zangu nikiwa kitandani nasikiliza, uso wangu una mwanga mzuri, nasikiliza kwa uchungu ambao hakuna aliyewahi kuuona. Sekunde tisa tu. Ishirini na tano, pamoja na machozi yangu. Na baada ya hapo, kama mtazamaji atataka kujua mdogo mtu aliishia wapi, kile kifo cha pili, cha kutazama maji, si kibaya hata kidogo.

Khalfani akaniuliza kama Mwinyimadi anajua.

Nikamwambia akate tu. Nitamwambia mwenyewe, kwa ukweli wote, mikono mitupu. Muda upo.